Kijiko cha Saa Saba

Jumamosi, 4 Februari

Kesho Kitinda anahama. Mtoto wangu wa mwisho. Nimeandika hivyo halafu nikakaa nayatazama maneno kama yameandikwa na mtu mwingine.

Tumefunga vitu mchana kutwa. Godoro, ndoo mbili, jiko dogo, na viatu ambavyo kila nikivitoa kwenye mfuko yeye anavirudisha. Nikamwambia, hivyo vya kisigino kirefu vya nini, unakwenda kulea watoto au kupanda jukwaani? Akasema, Mama, hata watoto wanapenda mwalimu anayependeza. Mdomo huo! Wa marehemu baba yake, mtupu.

Nimemwandikia mistari ya Neno kwenye vikadi, abandike chumbani. Wa kitandani ni wa usingizi. Wa mlangoni ni wa ulinzi. Wa kwenye kioo ni ule wa kumkumbusha kwamba uzuri hupita — akausoma akauliza, sasa huu si utanitia uvivu wa kunawa uso? Na ule wa watumishi kuwatii mabwana zao nimemwambia aubandike karibu na saa, auone kila asubuhi kabla ya kutoka kwenda kazini.

Kazi yenyewe ni jibu la maombi. Kikundi chetu cha akina mama tuliliombea jambo hili miezi mitano. Halafu Mwenyekiti wetu mwenyewe, ambaye ana kituo cha kulelea watoto upande wa pili wa mji, akanivuta pembeni baada ya ibada: mpendwa, mlete binti, mlezi wangu mmoja ameolewa kaondoka. Nililia palepale kwenye ngazi za kanisa, na skafu yake akanipa nifutie.

Jumapili, 5 Februari

Ameondoka.

Chumba ni kidogo. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, lakini komeo la mlango ni zuri, nimelijaribu. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, ana paka mwenye jicho moja. Niliomba kwenye kila kona. Kitinda akasema, Mama, kona ziko nne tu, hii unayoomba sasa ni ya ngapi?

Nimerudi nyumbani nikatenga sahani mbili. Moja nimeirudisha.

Jumatano, 8 Februari

Shuka za wodi mbili zimekuja pamoja leo kwenye chumba chetu cha kufulia hospitalini, na mashine moja imeharibika. Tumechoka. Mwenzangu wa kwenye pasi, tunamwita Mama Pasi, amenihoji kama polisi. Mtoto amefika? Anakula? Ana bwana? Nikamwambia, Bwana anaye mmoja tu, yuko mbinguni. Akasema, huyo wa mbinguni hapeleki mtu matembezi Jumamosi. Huyu mwanamke! Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Jumanne, 14 Februari

Kitinda alipiga simu saa sita na nusu, wakati natoa shuka kwenye mashine. Sauti ya chini. Mama, nimepewa jambo la kufanya, moyo wangu haulitaki. Nikamwambia, mwanangu, kazi ngeni zote ziko hivyo. Mimi nguo za chumba cha upasuaji zilinitapisha wiki nzima. Akasema, si hivyo, Mama, ni kwamba — Nikamkatiza. Wewe ni mgeni, usianze na mdomo. Mtii aliye juu yako kana kwamba unamtii Bwana mwenyewe. Mwenyekiti si mtu wa mtaani, ni mama yako wa kiroho.

Kisha nikasema, tuombe.

Nikaomba! Maneno yalikuja yenyewe, katikati ya mvuke na kelele za mashine. Mama Pasi alizima pasi akainamisha kichwa. Nilipofika kwenye amina, Kitinda akaitikia, akasema muda umekwisha, akakata.

Mama Pasi akasema, wewe ukishika simu kuomba, mtu wa upande wa pili anaweza kuinjika maharage yakaiva. Ana wivu tu.

Nimefurahi leo. Nilidhani akihama nitakuwa mama wa kumbukumbu. Kumbe hata kwa mbali bado ninaweza kulea.

Alhamisi, 16 Februari

Ujumbe wa Kitinda: "Nimefanya kama ulivyosema." Basi. Nimeusoma hata sijui mara ngapi. Mtoto mtiifu! Nimemwonyesha mpaka mlinzi wa geti.

Jumamosi, 18 Februari

Darasa langu la mabinti kanisani. Wamekuja tisa, wote wanatoka makwao mwaka huu. Mmoja anaenda kusomea uuguzi, mmoja amepata kiwanda cha soksi, wengine bado wanatafuta. Mimi shule niliishia ya msingi, lakini hawa wa chuo wananisikiliza, sijui kwa nini.

Niliwafundisha yale yale. Kanisa litafute wiki ya kwanza, kabla marafiki hawajakutafuta wewe. Funga mlango mapema. Mgeni wa kiume mpokee kibarazani. Jifunze kusema hapana bila kutukana na bila kujieleza sana. Halafu nikaingia kwenye habari ya kazi, na kwa kazi mimi siku zote ni Ruthu. Alikuwa mgeni, hakuuliza maswali, aliinama akaokota masuke nyuma ya wavunaji, akafanya kila alichoambiwa na mkwewe, na Mungu akamwinua. Nilieleza vizuri, nilijisikia mwenyewe.

Yule mrefu wa kiwanda cha soksi akanyoosha mkono. Na bosi akikuambia ufanye kitu kibaya? Wenzake wakaguna. Nikamuuliza, bosi wa namna gani? Akasema, yeyote yule. Nikajibu, ndiyo maana tunamwomba Mungu atupe bosi anayemcha Yeye — nikatoa mfano wa Kitinda na Mwenyekiti. Wote wakasema amina. Yule mrefu naye alisema, ila ilikuwa amina ya adabu tu.

Swali lake limenifuata mpaka nyumbani. Nimelifukuza.

Alhamisi, 23 Februari

Sijui nianzie wapi.

Kitinda alikuja kazini kwangu leo saa nane mchana, bila taarifa, na sare ya kituo mwilini. Mama Pasi ndiye aliyemwona. Akanigusa bega: mwenzangu, mwanao yuko kwenye kamba za kuanikia, na naona hajaja kukusalimia.

Nilimkuta amesimama katikati ya shuka. Nikamuuliza, umefukuzwa? Akasema, bado. Nikamuuliza — Mungu anisamehe — una mimba? Alinitazama. Akasema, Mama, hilo tu ndilo unaloliogopa?

Halafu akaniambia.

Pale kituoni, saa saba, watoto wakishakula, kila mmoja anapewa kijiko cha dawa ya mafua. Ile nyekundu ya maji, yenye kuleta usingizi. Wote. Mwenye mafua na asiye na mafua. Wanalala kimya mpaka saa tisa na nusu. Wazazi wakija wanawakuta wametulia, wanasifu kituo. Watoto ni ishirini na nane, walezi ni wawili. Mwenyekiti alimkabidhi Kitinda chupa na kijiko katika wiki yake ya pili. Alimwambia, hii ni kazi ya mtu mwaminifu, ndiyo maana nimekupa wewe.

Siku ile aliyonipigia simu, chupa ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake. Alikuwa bado hajaifungua.

"Nilikuwa na dakika tano, Mama. Nilikupigia wewe. Wewe ukazitumia zote kuongea na Mungu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Amegawa dawa ile siku saba. Jana, mtoto mmoja wa miaka miwili wanayemwita Kidoti, kwa alama yake ya shavuni, hakuamka. Wenzake wanavaa viatu, yeye kalala. Wakamwita. Wakampangusa uso kwa maji. Kitinda akambeba, akamtembeza uani huku na huku, kichwa cha mtoto kinaning'inia begani kwake kama — hapo hakumalizia. Baada ya muda mrefu akafungua macho, akatapika, akalala tena. Bibi yake alipokuja kumchukua, Mwenyekiti akamwambia, leo amecheza mno, amechoka huyu! Bibi akacheka, akashukuru. Kitinda alikuwa palepale, ameshika kimkoba cha mtoto. Hakusema neno.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, si nilikuwa natii?

Leo Kidoti hakuletwa. Hawajui kwa nini. Saa saba ilipofika Kitinda aliiweka chupa mezani, akaaga anakwenda msalani, akatoka getini moja kwa moja. Nikamuuliza, basi leo amegawa nani? Akasema, sijui, Mama, ndiyo maana nalia.

Mashine ilikuwa inapiga kelele imemaliza. Niliiacha ipige. Nikamuuliza swali, nikangoja jibu. Nikamuuliza lingine, nikangoja. Amenijibu yote.

Ijumaa, 24 Februari

Kitinda yuko kwangu. Hajaenda kazini. Ameaga kwa ujumbe kwamba anaumwa, na kweli anaumwa.

Nimetoka kazini nikapita kwa Mwenyekiti. Alinikumbatia mlangoni. Lazima niandike hapa huyu ni nani kwangu, nisije nikamfanya shetani kwa sababu nimeumia. Mume wangu alipofariki, alilala kwangu siku tisa. Alinifulia nguo. Mimi ambaye nafulia mji mzima, yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kunifulia mimi.

Nilimwambia nilichosikia. Hakukataa! Ndicho kilichonishtua. Akasema, mpendwa, dawa gani hasa? Si ile inayouzwa kila duka? Wewe hukuwapa wanao? Nikasema niliwapa wakiwa na mafua. Akasema, basi. Watoto ishirini na nane, akilia mmoja wanalia wote. Wasipolala wanang'atana. Mwaka jana mmoja alianguka kwenye ngazi wakati mlezi anambembeleza mwingine, akavunjika mkono. Niambie wewe, nichague lipi?

Nikasema, chukua watoto wachache, au ongeza mlezi.

Akanitazama kama niliyesema tuhamie mwezini. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kama anavyonishauri siku zote: mpendwa, kumbuka kijiko kilikuwa mkononi mwa nani. Mimi sijamnywesha mtoto yeyote. Na binti anataka kuingia chuo cha ualimu mwakani, watataka barua yangu. Tusiharibu maisha yake kwa jambo la kuongea tukayamaliza.

Halafu akanishika mikono akasema tuombe. Akaomba vizuri. Aliwaombea watoto wote, alimwombea na Kitinda. Nikaitikia amina.

Nimetoka pale nimeitikia amina, na sijui nimekubali nini.

Jumamosi, 25 Februari

Darasa nimelifuta. Nimesema naumwa. Mimi siumwi.

Kitinda ana namba ya bibi yake Kidoti, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpigia mtoto akichafua nguo. Amempigia asubuhi, mbele yangu. Mtoto alilazwa Jumatano jioni. Hospitali yetu. Daktari aliuliza amemeza nini, bibi akaapa hajameza kitu. Ameruhusiwa jana, anakula, anakimbiza kuku.

Nikakaa chini. Shuka za wodi ya watoto Alhamisi nilifua mimi. Zake zilikuwamo.

Kitinda alimweleza bibi kila kitu. Alisema, ni mimi niliyemnywesha, Bibi, kwa mkono wangu. Halafu bibi akamwuliza, na mama yako anajua? Kitinda akanitazama. Akasema, anajua.

Bibi atawaambia wazazi wengine. Jumatatu asubuhi watakutana kituoni.

Jumapili, 26 Februari

Mahubiri sikuyasikia. Mwenyekiti alikaa kiti cha mbele kama kawaida, akanigeukia akatabasamu wakati wa kusalimiana. Nami nikatabasamu. Uso wangu una mazoea yake.

Mchana nimesoma, polepole, kwa kidole, kama nilivyofundishwa darasa la pili. Kitinda aliniuliza tukiwa jikoni, Mama, mbona darasani hukuwahi kutufundisha wale wakunga wa Misri? Kweli sikuwahi. Mfalme mzima aliwaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania wakizaliwa. Hawakupiga kelele, hawakuandamana. Walimcha Mungu, na hawakufanya. Majina yao Mungu ameyahifadhi mpaka leo, Shifra na Pua. La mfalme mwenyewe halikuandikwa pale. Nimeisoma Biblia hii miaka yote na sikuwahi kuliona hilo.

Nikarudi pia kwa Yeftha, aliyeapa kwamba akishinda vita atamtoa sadaka yeyote atakayetoka kwanza mlangoni kwake kumlaki. Akatoka binti yake, anacheza na matari. Binti akasema, baba, umeshafungua kinywa chako, nitende ulivyosema. Miaka yote nimewasomea mabinti kama habari ya mtoto mtiifu. Leo nimeisoma kama habari ya mzazi aliyefungua kinywa kabla ya kuangalia nani anatoka mlangoni.

Nimelia, lakini si sana. Sina haki ya kulia kuliko bibi yake Kidoti.

Kitinda ameniambia kile kikadi cha karibu na saa amekibandua. Hakukitupa, amekiweka ndani ya Biblia yake, mahali pake. Akanionyesha. Mistari michache tu chini, mabwana nao wanaambiwa wana Bwana mbinguni, na Yeye hapendelei mtu. Mimi nilinakili nusu ya ukurasa nikampa mtoto akaishi nayo.

Nimemwambia nisamehe. Akasema, Mama, kesho utakuja? Nikasema nitakuja. Akasema, si kuja kuniombea. Nikasema najua.

Jumatatu, 27 Februari

Naandika nikiwa nje ya kituo, kwenye benchi la watoto. Magoti yako karibu na kidevu. Mama Pasi amenishikia zamu, hakuuliza chochote na hakutania, hapo ndipo nilipojua uso wangu ukoje.

Ndani wako wazazi kama kumi na tano. Niliambiwa nisubiri, kwanza wanaongea wenye watoto. Dirisha liko wazi. Nasikia karibu yote.

Bibi yake Kidoti ameongea, kwa kifupi. Baba mmoja mwenye sare ya ulinzi amesema wa kwake analala hata Jumapili mchana akiamshwa haamki, walifikiri ni afya. Mama wa mapacha amepaza sauti. Kitinda ameongea. Ameeleza chupa, kijiko, saa saba, siku saba. Sauti ilitetemeka mwanzoni, baadaye haikutetemeka.

Mwenyekiti ameongea sasa hivi. Amesema binti huyu ni mgeni kazini, ametoka kwa mama yake juzi tu, amezidiwa. Dawa aliileta mwenyewe ili apate kupumzika. Amesema hivyo! Nimesikia kwa masikio yangu. Na kwa sauti ile ile anayotumia kwenye maombi.

Watu wakaanza kubishana. Mmoja akasema, kweli hawa wasichana wa siku hizi. Mwingine akasema apelekwe polisi. Nikasimama, nikakaa tena.

Halafu Mwenyekiti akasema — naandika kama alivyosema — mama yake yuko hapo nje. Wanaosali kwetu wanamjua. Ni mtu wa Mungu, anawafundisha mabinti Neno, Ijumaa alikuwa nyumbani kwangu tukaongea na tukaomba pamoja. Muulizeni yeye. Akisema nilimpa binti yake chupa, ninafunga kituo leo.

Anajua nitasema nini? Au anajua siku zote huwa nasema nini?

Bibi yake Kidoti amechungulia dirishani, ananitafuta kwa macho. Wananipisha njia.

Siwezi kuanza na Mwenyekiti. Nikianza na yeye nitakuwa mama anayemtetea mwanawe tu, na watakuwa na haki ya kutonisikia. Nitaanza na langu. Kwamba mtoto aliniuliza kabla, na mimi nilimwambia atii, bila kuuliza atii nini. Kwamba hata Alhamisi nilipojua, nilikwenda kwa rafiki yangu kabla ya kwenda kwa mama wa mtoto hata mmoja. Halafu ndiyo nitasema alichoniambia nyumbani kwake, neno kwa neno, na lile la kijiko mkononi mwa nani pia. Barua ya chuo iende. Kikundi nacho, sijui.

Nimewaomba dakika moja, nimalize mistari hii.

Kutoka hapa naona ndani. Mwenyekiti ameninyooshea kiti, kimebaki kimoja, kiko pembeni yake. Anakipapasa kwa kiganja, njoo, njoo. Kitinda hajapewa kiti. Amesimama ukutani peke yake, chini ya picha za wanyama.

Kiti kile sitakikalia. Nitasimama pale ukutani, kando ya mwanangu.